Insha ya Shemeji

Jumatatu, 4 Machi

Mwalimu wa hesabu amerudi. Miaka miwili hatukumwona, leo kaingia ofisini na tai. Ana shahada ya uzamili. Tunajua, kwa sababu katuambia mara tano kabla ya chai, kisha akabandika karatasi mezani kwake: jina lake, na nyuma yake herufi nyingi kama mabehewa ya treni. Mkuu wetu wa shule ni mama asiyesifu hata jua likichomoza. Leo kamwita "msomi wetu". Mimi huu mwaka wa kumi na tisa niko hapa. Huniita "wewe wa jiografia".

Haiwezekani!

Saa nne nikaliona tangazo ubaoni. Chuo cha upande wa pili wa mji kinapokea maombi ya uzamili wa elimu, masomo ya jioni na Jumamosi. Vinavyotakiwa: nakala za vyeti, barua ya mkuu wa shule, na insha ya kurasa mbili, "Mwanafunzi aliyenifundisha kufundisha". Mwisho Ijumaa ya tarehe 15. Nikalibandua, nikalikunja, nikalitia mfukoni. Wakijua wachache, nafasi hubaki nyingi.

Nyumbani nikamtangazia mke wangu. Yeye ni fundi wa kushona, kazi zake hufanyia sebuleni, na cherehani yake ndiyo redio ya nyumba yetu: ikinguruma, mambo shwari, ikinyamaza, kuna neno. Ikanyamaza. Akauliza kama huyu anayetaka kusoma miaka miwili ndiye yule aliyelala kwenye semina ya siku moja. Nikamjibu kulala na kufumba macho ni vitu viwili. Cherehani ikaendelea.

Jumatano, 6 Machi

Nimekaa na insha tangu nitoke shule. Kurasa mbili tu! Watoto niliowafundisha ni zaidi ya elfu mbili. Nikangoja mmoja ajitokeze kichwani. Hakuna. Nikakaza macho. Akaja yule aliyetapikia tufe la dunia, akachafua bahari zote. Hata yeye jina silikumbuki. Hilo limeniuma kidogo, sitaki kusema uongo.

Nimeandika sentensi moja: "Kila mwanafunzi ni dunia." Nikaifuta. Imenikumbusha matapishi.

Alhamisi, 7 Machi

Nimemwomba Mkuu barua. Kasema hana muda, niiandike mwenyewe, yeye atatia saini. Bahati hiyo! Nikajaza ukurasa mzima. Nikajiita nguzo, nikajiita taa, nikajiita chemchemi. Mkuu akachukua kalamu nyekundu. Aliponirudishia, zilikuwa zimebaki sentensi mbili: "Mwalimu huyu yuko shuleni kwangu. Hufika."

Nikamsihi aongeze angalau "mapema". Akaongeza "kwa kawaida", akaliweka kabla ya "hufika". Akagonga muhuri.

Jumamosi, 9 Machi

Kaja shemeji, mdogo wake mke wangu. Anafundisha darasa la kwanza palepale shuleni kwetu, watoto sabini na mmoja. Mke wangu alipojifungua mapacha akalazwa miezi miwili, ni huyu aliyewabeba wanangu mgongoni, akawaogesha, akawalaza, kisha akaenda kufundisha. Wanangu wanamwita Mama Mdogo na wakiumia humkimbilia yeye.

Kumbe na yeye anataka uzamili. Kasema tangazo aliliona kabla halijatoweka ubaoni, maana kuna mtu kalibandua, watu wengine bwana! Nikakubali kwamba watu ni wabaya. Yeye hana kompyuta. Akaomba nimchapie insha na kumtumia maombi yake pamoja na yangu. Akaniachia karatasi za mistari, mwandiko wa duara, bila kosa moja.

Nimeisoma alipoondoka. Afadhali nisingeisoma.

Ni habari ya binti mmoja wa darasa la kwanza, miaka mitano iliyopita. Kila akipewa kitabu alikigeuza juu chini. Wenzake walicheka. Wakubwa walimgeuzia kitabu kikakaa sawa, na kikikaa sawa alikuwa hajui hata herufi moja. Akarudishwa darasa. Mwaka wa pili, siku moja, shemeji alikuwa ameketi akitayarisha somo, kitabu kimemwelekea yeye, binti amesimama ng'ambo ya meza. Binti akausoma ukurasa wote kwa sauti. Juu chini! Nyumbani kwao kitabu kilikuwa kimoja, cha dada yake mkubwa. Dada akisoma, mdogo hukaa mkabala naye mezani, akifuata kwa macho. Hivyo ndivyo alivyojifunza. Shemeji kamalizia: "Hakuwa amechelewa kusoma. Alisoma kabla ya wenzake wote, ila hapakuwa na mtu aliyekaa upande wake."

Nimelia. Mke wangu kauliza nina nini, nikasema vumbi la vitambaa.

Lakini kuna jambo katikati. Kaandika kwamba kabla hajalipokea darasa hilo, mwalimu mwingine alikuwa amelishika muhula mmoja. Kwenye ripoti ya binti yule, mwalimu huyo aliandika neno moja tu: "Hafundishiki."

Miaka mitano iliyopita shemeji alikuwa kwenye likizo ya uzazi. Darasa lake nilipewa mimi.

Binti simkumbuki. Neno nalikumbuka. Nililipenda. Niliwaandikia watoto kumi na mmoja, lilikuwa fupi.

Jumapili, 10 Machi

Nimefikiri kwa kina. Hadithi hii nusu yake ni yangu. Bila kosa langu shemeji angeandika nini? Mimi ndiye niliyemjengea jukwaa. Isitoshe, insha nzima imeandikwa "mimi", na "mimi" haina mwenyewe: yeyote atakayeitamka, yake.

Nikaichapa kama ilivyo, chini nikaweka jina langu. Neno moja tu niliongeza. Pale kwenye "mwalimu mwingine" nikaandika "mwalimu mwingine mzembe", ili nisishukiwe.

Yangu imeondoka saa sita mchana. Karatasi za shemeji nimeziweka kwenye droo ya chini. Nitazituma. Sikusema sitazituma.

Jumatano, 13 Machi

Shemeji kanikuta kwenye korido, kauliza kama maombi yake yamekwenda. Mdomo wangu ukasema yamekwenda tangu Jumapili. Nilitamani kuufunga lakini ulikuwa umeshamaliza. Akashika mkono wangu kwa mikono yake miwili. Ilikuwa na chaki.

Ijumaa, 15 Machi

Kikao cha walimu, saa nane. Ilipofika mengineyo, shemeji akasimama. Akasema anataka kumshukuru hadharani mtu aliyeacha shughuli zake akamhangaikia maombi ya chuo, na kwamba si kila mwenye shemeji ana kaka. Walimu wakapiga makofi. Hata mwalimu wa hesabu! Nikainuka, nikapunga mkono. Nilipoketi, shati lilikuwa limeloa mgongoni.

Nikatoka mbio hadi nyumbani. Maombi yanafungwa saa kumi na moja. Nikazitoa karatasi kwenye droo, nikachapa kwa vidole viwili, nikakosea, nikafuta, nikachapa. Zikaondoka saa kumi na moja kasoro dakika nane. Nikavuta pumzi. Nilijiona mweupe, nimetakata, mtu wa kuigwa. Nikajipikia chai.

Chai ilikuwa nusu kikombe nilipokumbuka. Insha mbili zinazofanana. Ofisi moja.

Njia ya mwongo ni fupi, walisema wahenga. Yangu imekuwa ya siku tano, tena nimeikimbia.

Jumatano, 20 Machi

Tumeitwa kwenye usaili, wote wawili! Shemeji kaniletea habari akirukaruka kama mwanafunzi wake. Kasema twende pamoja. Nimejipa moyo. Maombi ni mengi, wasomaji ni wengi. Huenda yangu ilisomwa na mtu wa asubuhi, yake ikasomwa na mtu wa jioni.

Jumatatu, 25 Machi

Ngoja niandike yote, hata yanayochoma.

Nilianza mimi. Chumba chenye feni isiyozunguka na meza ndefu. Nyuma yake profesa, mama wa makamo aliyefunga miwani yake kwa kamba, na bwana mwembamba wa kuandika kumbukumbu. Mezani insha mbili, bega kwa bega kama mapacha wangu. Nikajifanya naiona moja.

Profesa akaanza kwa upole. "Huyu mwalimu mzembe uliyemtaja. Angekuwa ameketi hapo ulipo, ungemwambia nini?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa maswali yote ila hilo. Nikasema tusimhukumu. Nikasema watoto walikuwa themanini chumba kimoja. Kulikuwa na joto. Wadogo hakuwazoea, yeye ni mtu wa ramani. Tena mgongo ulikuwa unamsumbua.

"Mgongo?"

"Upande wa kushoto," nikasema.

Profesa akavua miwani. "Unamfahamu huyo mwalimu kuliko unavyomfahamu mtoto."

Bwana mwembamba akauliza mtoto mwenyewe sasa yuko darasa la ngapi. Nikabahatisha la tatu. Akaandika. Wakaniambia nikangoje kwenye benchi nje.

Mlango haukufungika vizuri. Shemeji aliingia, wakamuuliza swali lilelile la mtoto. Hakufikiri hata kidogo. Akamtaja binti kwa jina lake na jina la dada yake. Akasema yuko darasa la tano, anakaa safu ya pili karibu na dirisha, anapenda kusoma vichwa vya habari kwenye magazeti yaliyofungiwa vitu dukani. "Jiografia anafundishwa na huyo shemeji yangu aliyeko nje."

Safu ya pili! Karibu na dirisha! Kila Jumanne na Alhamisi!

Kisha wakamwonyesha insha ya pili. Nikasikia karatasi zikigeuzwa. Nikangoja aseme. Akasema tu, kwa sauti ndogo, kwamba yeye ndiye aliyenipa nimchapie, na mengine waniulize mimi.

Wakatuita pamoja. Maombi yote mawili yamesimamishwa. Wanataka maelezo kwa maandishi, yafike kabla ya Alhamisi saa sita mchana. Yasipofika, wote wawili tunatupwa nje.

Tulirudi kwa miguu. Yeye mbele, mimi nyuma, mpaka mbele ya duka la dawa. Hapo akasimama.

"Shemeji, nilijua ni wewe. Tangu siku niliyoiona ripoti ile. Mwandiko wako nitaukosea? Sikukutaja kwa sababu wanao wako shule hiyohiyo, na kesho watasoma kila kitu. Nikaandika 'mwalimu mwingine'. Nilikuficha. Na wewe ukaichukua hiyohiyo."

Nikamwambia samahani. Akasema sawa, akavuka barabara. Nyumba yetu na yake ziko upande mmoja wa barabara.

Jumanne, 26 Machi

Cherehani imenyamaza tangu jana jioni.

Mke wangu kaniambia niandike hayo maelezo, yeye atakaa hapo. Nikaandika kurasa nne. Nikaeleza habari za kompyuta, na jinsi mafaili yanavyoweza kuchanganyika. Akasoma. Akachukua mkasi wake wa vitambaa, akakata kurasa tatu na nusu, zikaanguka sakafuni kati ya vipande vya gauni la mtu. Nikaandika tena, ukurasa mmoja. Nikataja joto la lile darasa. Akakata. Nikataja mgongo. Akakata. Nikamwambia mama watoto, kidogo tu, wajue na mimi nilikuwa katika hali gani. Akasema, "Umemwibia mtu aliyebeba wanao mgongoni. Hiyo ndiyo hali."

Kilichobaki mkononi mwake ni utepe wa karatasi wa mistari mitatu: "Insha ni ya shemeji yangu. Niliiiba aliponiamini. Mwalimu aliyeandika neno lile kwenye ripoti ni mimi."

Akaniambia nikinakili kwenye karatasi nzima nisiongeze hata nukta.

Alhamisi, 28 Machi

Nimepeleka kwa mkono. Karani wa chuo, dada mmoja mkali mwenye kalamu sikioni, kaifungua mbele yangu ili kugonga muhuri. Akaisoma. Akaisoma tena. Kasema amekaa dirisha hilo miaka mingi na hajapata kupokea maelezo mafupi namna hii. Akanipa kiti, ingawa sikuwa nangoja kitu.

Nikakaa kidogo. Ilikuwa saa tano na nusu.

Jumatano, 3 Aprili

Jana wakati wa kipindi nilitazama safu ya pili. Yupo. Mrefu, nywele fupi, penseli ndefu kuliko za wenzake kwa sababu haitafuni. Leo nikamwita wakati wa mapumziko. Nikaketi mezani kwangu, yeye akasimama ng'ambo.

Nikamwambia kwamba zamani, akiwa darasa la kwanza, niliandika neno baya kwenye ripoti yake. Nikamwambia halikuwa kweli. Nikamwomba radhi.

Akasema anajua. Nikauliza nani kamwambia, mwalimu wake wa zamani? Akatikisa kichwa.

"Nililisoma wakati unaliandika, Mwalimu. Nilisimama hapa."

Akanyoosha kidole upande wake wa meza.

Nikaona mkono wangu ule, kalamu ile, na macho ya mtoto wa miaka saba yakifuata kila herufi. Siku ile alijua kusoma. Mimi nilikuwa naandika kwamba hatajua kamwe, na yeye ananisoma.

Nikamuuliza alielewa nini. Akasema neno hakulielewa, alikwenda kumuuliza dada yake. Na dada alisemaje?

"Alisema labda ni ugonjwa. Basi nikawa nangoja nipone."

Hakusema kwa kunilaumu. Alisema kama mtu anayeeleza mvua ilinyesha lini. Kengele ikalia, akaomba ruhusa, akaenda. Mimi nilibaki pale. Kipindi kilichofuata Mkuu akapita, akanikuta nimekaa na daftari la alama limefungwa, darasa linapiga kelele. Hakunigombeza.

Watoto wengine kumi nao niliwaandikia neno lile. Nimejaribu kuwakumbuka tangu asubuhi. Nimempata mmoja tu, aliacha shule.

Jumatano, 10 Aprili

Majibu yametoka. Shemeji kachaguliwa. Masomo yanaanza mwezi wa tisa. Profesa kamwandikia kwa mkono pembeni mwa barua kwamba anataka binti yule aandikwe vizuri, kwa urefu, na kwamba atamsimamia mwenyewe.

Ombi langu limekataliwa. Nisiombe tena kwenye chuo hicho kwa miaka mitatu. Ni haki.

Alikuja nyumbani kumwambia dada yake. Wakakumbatiana kati ya vitambaa, mke wangu akalia, cherehani ikapigwa teke bila kukusudia ikanguruma yenyewe. Mapacha wakamrukia Mama Mdogo. Mimi nilisimama kwenye mlango wa jikoni nikiwa na sinia la vikombe. Nikampongeza. Akapokea kikombe kwa heshima zote.

"Asante, Mwalimu," akasema.

Miaka kumi na minne ameniita Shemeji. Nikarudi jikoni kuosha vikombe vilivyokuwa safi.

Jumamosi, 20 Aprili

Siku kumi sijaandika kitu. Nimekuwa mtu mwingine. Nawasalimia watoto mmoja mmoja, majina nimeyaandika kwenye karatasi kwa mpangilio wa viti. Wakihama viti nachanganyikiwa, lakini nia ipo.

Leo nimeona gazetini: taasisi moja ya ualimu inatoa stashahada ya uongozi wa shule. Uongozi! Hawapokei kwa mtandao, ni kwa mkono na kwa karatasi, kama zamani. Na insha yao, sikuamini macho yangu: "Kosa lililonibadilisha."

Nani mwenye kosa kunizidi? Nimeandika kurasa mbili kwa kikao kimoja, bila kunyanyuka. Machozi yamenitoka mahali palipostahili. Nimemweka profesa, nimeweka mkasi, nimemweka binti na maneno yake. Hakuna hata neno moja la kuazima. Yote yamenipata mimi. Mke wangu yuko sokoni kununua uzi, kwa hiyo hakuna aliyekata kitu.

Sentensi ya mwisho ndiyo ninayoipenda zaidi. Nimeisoma kwa sauti mara tatu: "Tangu siku hiyo, sijaandika tena jambo lolote lisilo kweli."

Mwisho wa kupokea ulikuwa jana. Nimetia tarehe ya juzi.